Shimo Halibebwi Kichwani



Mwezi huu sitaandika mahubiri. Nataka kuwasimulia habari ya chupa tatu. Chupa ya kwanza ilikuwa ya mama yangu, kule Walikale. Ya pili inatoka Rwanda, na wengi wenu mmekwisha kuiona mezani. Ya tatu inatoka Uchina. Ndani ya zote tatu hamna kitu kikubwa; ni viungo tu vya kutia ladha katika bugali na mboga. Lakini kwa chupa hizo nimejifunza jambo moja juu ya jamaa na mali ambalo katika Chuo cha Biblia sikufundishwa. Nililijifunza kwa kosa langu mwenyewe, kwa hiyo itanibidi kuliungama hapa mbele yenu.

CHUPA YA MAMA

Kwetu Walikale ni pori. Mvua ni nyingi, michikichi ipo, na pilipili ndogo iliyo kali huota hata pasipo kupandwa. Ndege hula pilipili ile bila kusikia ukali wake, halafu hutupa mbegu kila mahali. Ndiyo maana unaikuta nyuma ya nyumba, kando ya njia, hata juu ya kaburi.

Baba yetu alikufa mapema. Mama alitulea watatu: yaya yangu, mimi, na dada yetu mdogo. Kazi iliyotulisha ilikuwa pilipili ya mafuta. Mama alichuma zile zilizoiva tu, akaziosha, akazianika mpaka maji yote yakauke. Kisha alizitwanga katika kinu pamoja na chumvi, akazipika polepole katika mafuta ya mawese. Vichupa alivipata sentre ya afya, vile vya dawa vilivyokwisha. Alivichemsha sana, akavipindua juu ya kitambaa mpaka vikauke kabisa.

Alikuwa na neno moja alilotuambia kila mara tulipokaa karibu na jiko: "Mafuta kama ingali inalia, usiitoshe ku moto. Ikinyamaza, njo imeiva."

Sisi wavulana tulicheka. Mafuta yanalia namna gani? Baadaye nilifahamu. Sauti ile ya kulia ni maji yaliyobaki ndani ya pilipili, yanayotoka kwa moto. Maji yakiisha, mafuta hunyamaza. Ukifunga chupa mafuta yangali yanalia, umefunga uozo ndani yake. Mama hakusoma, lakini jambo hilo alilijua kwa masikio.

Kuanzia mwaka 2002 hivi, habari za kasiterite ya Bisie zilienea, na watu wakafika kwa maelfu. Ninyi wa umri wangu mnakumbuka: ndege ndogo zilitua juu ya lami kule Kilambo kuchukua mawe mpaka Goma. Toka Njingala mpaka Bisie watu walitembea porini siku nzima na zaidi, mizigo mgongoni. Kila mchimbaji alikula bugali na maharagwe bila ladha. Kichupa cha mama kilikuwa chepesi, hakikuvunjika upesi, hakikuoza njiani, na tone chache tu zilitosha sahani nzima. Wabebaji walivinunua Mubi kwa kumi kumi.

Kwa vichupa hivyo nilisoma Chuo cha Biblia, toka mwaka 2003 mpaka 2006. Watu wa kanisa walinisaidia, Mungu awabariki, lakini feza kubwa ilitoka katika kinu cha mama. Mkiona leo mtu anaitwa Pasta, jueni kwamba alitwangwa pamoja na pilipili.

KILIO KILIPOISHA

Mama alifariki mwaka 2011. Alilala siku tisa tu. Hakuna aliyemuuliza neno juu ya kazi yake, kwa maana tuliona ni aibu kusema habari za mali mbele ya mgonjwa. Yeye naye hakusema.

Juma la tatu baada ya kilio tuliketi. Mali yenyewe ilikuwa hii: kinu kimoja na mchi wake, sufuria moja kubwa, bidoni mbili za mawese, na kartoni ya vichupa vitupu. Yaya yangu akasema: "Mimi njo mukubwa. Kazi ya mama ni ya mukubwa." Mimi nikajibu: "Sufuria ni mimi njo niliinunuaka, na makuta yangu." Ni kweli, nilikuwa nimeinunua na mshahara wangu wa kwanza. Nilisema kweli, lakini kwa moyo mbaya. Maneno yaliongezeka. Yaya alinikumbusha kwamba nilisoma na yeye hakusoma. Nikamkumbusha mambo ambayo mchungaji hapaswi kumkumbusha mtu.

Dada yetu alikuwa ameketi karibu na mlango, akimenya mihogo. Tangu akiwa na miaka saba alipika pamoja na mama. Sisi tulikuwa tunatwanga, tunabeba, tunauza. Yeye peke yake alijua kusikiliza mafuta. Hakuna aliyemuuliza kitu. Tuligombania kinu na sufuria, na mtu mwenye kujua kazi yenyewe tulimpita kama mwiko ukutani.

Mwisho tuligawana. Yaya akachukua kinu, mimi nikachukua sufuria. Kinu bila sufuria, sufuria bila kinu! Leo nikifikiri, naona tulifanya kama watoto.

Kila mmoja alijaribu upande wake. Mimi na mama watoto tulipika chupa arobaini. Baada ya majuma mawili zilianza kuvuta hewa, vizibo vikaruka, na ndani kukawa na ukungu mweupe. Nilikuwa sikusubiri mafuta yanyamaze. Yaya naye aliharakisha, wanunuzi wakamrudishia chupa mbele ya watu sokoni. Akauza kinu cha mama, akaenda kuchimba Bisie. Dada aliolewa Masisi-centre, akaenda na mkono mtupu. Tulifikiri hakuchukua kitu.

Hivyo kazi ya miaka zaidi ya ishirini ilikufa katika miezi mitano. Hakuna mwizi aliyeingia, na nyumba haikuungua. Kwa miaka kumi na moja mimi na yaya tulisalimiana kwa mdomo tu, kama watu waliokutana kwenye barriere.

CHUPA YA NYIRANGARAMA

Mwaka 2018 nilitumwa Kigali kwa mkutano wa wachungaji. Kutoka Goma unavuka mpaka, unapita Musanze, basi linapanda na kushuka vilima. Kabla ya kufika Kigali, mahali panapoitwa Nyirangarama, dereva alisimama. Watu wote walishuka. Pale pana duka kubwa, mahindi, viazi, nyama za kuchoma, mikate, juisi. Juu ya kila meza palikuwa na kichupa kidogo cha plastiki, kama kile cha dawa ya macho, na ndani yake mafuta ya rangi ya machungwa. Ni Akabanga.

Nilitia tone tatu katika viazi. Jirani yangu akacheka: "Pasta, moja inatosha!" Machozi yalinitoka. Watu walifikiri ni pilipili. Kweli ilikuwa pilipili, lakini nilikuwa pia nimemkumbuka mama.

Nikauliza habari zake. Mwenye kazi ile anaitwa Sina Gérard. Alianza palepale Nyirangarama mwaka 1983, kijana wa miaka ishirini hivi, na kazi ndogo ya kuoka mikate na mandazi kwa wasafiri. Kazi yake aliiita Urwibutso, maana yake ukumbusho. Kutoka mikate alikwenda kwenye juisi ya matunda ya wakulima wa vilima vile, kisha mambo mengine mengi, na pilipili hii ndiyo iliyompeleka mbali. Akabanga ni kusema siri ndogo. Juu ya chupa wanaandika kwamba sehemu 80 kwa mia ni maji ya pilipili yenyewe, na 20 ni mafuta ya mimea. Chupa ile ndogo ina mililita 20 tu. Leo watu wanaibeba katika mifuko mpaka Ulaya na Marekani.

Mambo mawili yalinigusa. La kwanza, hakungoja mtaji mkubwa. Alianza na unga na wasafiri wenye njaa. Barabara ilikuwa inapita mbele yake, naye akaona wanachohitaji. Mama yangu pia aliona hivyo kule Mubi. La pili, hakufanya peke yake. Aliwapa wakulima wa jirani mbegu, akanunua mavuno yao, na pale Nyirangarama akajenga shule ambamo watoto wa wakulima hao wanasoma. Chupa moja imeshika jamaa nyingi mkono.

Najua kuna msomaji ambaye moyo wake umekwisha kuchemka: "Pasta, na vita hivi vyote, na maiti zetu, unatusifia kitu cha ng'ambo ya mpaka?" Ndugu, swali lako ni la haki. Nami nimezika watu. Siandiki hapa habari za serikali wala za majeshi. Naandika habari ya mtu aliyeoka mkate, na ya mkulima wa kilimani anayeuza pilipili yake apate feza ya shule. Pilipili yenyewe si ya kabila lolote. Ilitoka Amerika, ng'ambo ya bahari kubwa, baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, na Wareno ndio walioisambaza katika pwani za Afrika. Sisi wote tuliipokea kama wageni. Nikikataa kujifunza kwa jirani kwa sababu nina uchungu naye, nitabaki na uchungu wangu na njaa yangu pia.

Nilinunua chupa sita. Nilipofika nyumbani nilizipanga juu ya kabati. Mama watoto akaniuliza: "Hii mambo ya pilipili, itakuishaka lini mu roho?" Sikujibu.

CHUPA YA UCHINA

Mwaka uliofuata shemasi mmoja wa Goma, mfanyabiashara, alirudi kutoka Guangzhou. Mnajua kwamba wacommerçant wetu wengi wanakwenda kule kununua nguo, viatu na simu. Aliniletea zawadi: chupa ya mchuzi mweusi, mzito kama sukari guru iliyoyeyuka. Juu ya karatasi yake imeandikwa jina Lee Kum Kee na mwaka 1888. Nikashangaa. Babu wa babu yangu alikuwa mtoto mwaka ule! Kitu gani cha kutia katika mboga kinaweza kudumu katika jamaa moja muda wote huo? Tangu siku ile nilitafuta habari zao kila nilipopata nafasi, na nilichokipata kilinitikisa kuliko pilipili.

Jamaa yenyewe husimulia hivi. Katika kijiji cha Nanshui, mkoa wa Guangdong, kusini mwa Uchina, mtu mmoja kwa jina Lee Kum Sheung alikuwa na kibanda cha kuuza chakula. Alipika chaza, wale wanyama wa baharini wanaokaa ndani ya gamba gumu, mfano wa konokono wa maji. Siku moja alisahau chungu motoni. Alipokuja kukifunua alikuta supu imekwisha kukauka, imebaki kitu kizito cha rangi ya udongo, chenye harufu nzuri sana. Mwingine angetupa. Yeye alionja kwanza. Ndipo akaanza kuuza mchuzi huo, mwaka ule wa 1888.

Mwaka 1902 moto uliteketeza duka lake. Hakubaki na kitu. Alihamia Macau, mji wa pwani uliokuwa chini ya Wareno, akaanza upya. Sikilizeni vizuri hapo: duka liliungua, lakini mchuzi haukuungua, kwa sababu mchuzi ulikuwa katika kichwa na mikono yake. Mwaka 1932 wanawe walihamisha makao ya kazi mpaka Hong Kong.

Kwa miaka mingi mchuzi ule ulikuwa wa watu wenye mali, kwa sababu bei yake ilikuwa juu. Mwaka 1972 mjukuu, Lee Man Tat, alishika uongozi, na mwaka uleule akatoa mchuzi wa bei nafuu wenye picha ya panda, ule mnyama wa Kichina mweusi na mweupe. Sasa hata maskini aliweza kununua. Kazi ikapanuka mpaka nchi zaidi ya mia moja.

Lakini, wasomaji wapenzi, msifikiri jamaa ile ilikwenda kwa amani tu. Moto wa mwaka 1902 haukuwashinda. Kidogo tu wao kwa wao wajishinde. Katika miaka ya 1970 watu wa ukoo hawakupatana juu ya njia ya kuendesha kazi, mpaka upande mmoja ukanunua sehemu za wengine. Katika miaka ya 1980 ugomvi ukarudi, mara hii kati ya Lee Man Tat na ndugu yake wa tumbo moja. Walifika mpaka mahakamani. Mwisho Lee Man Tat alinunua sehemu ya ndugu yake kwa feza nyingi sana, wakaachana.

Niliposoma hayo niliweka karatasi chini. Watu wenye viwanda na mawakili, nao pia! Kinu kwako, sufuria kwangu.

Tofauti ni kwamba Lee Man Tat hakulisahau jambo lile. Alikuwa na watoto watano, na aliogopa wasije wakarudia. Mwaka 2002 jamaa iliunda baraza la nyumba, pamoja na kanuni zilizoandikwa. Wanakutana mara kwa mara kwa siku kadhaa, si kuzungumza biashara tu, ila kuzungumza jamaa: nani ana shida, watoto wanalelewa namna gani, nani ana uchungu na mwenzake. Mtoto anayetaka kazi katika kampuni lazima afanye kwanza kazi kwa watu wengine miaka mitatu mpaka mitano, kisha aombe nafasi kama mtu mwingine yeyote. Na Lee Man Tat alipenda neno moja la kale la Kichina, ambalo maana yake ni kufikiri faida ya wenzako kabla ya kutenda. Alifariki mwaka 2021, akiwa na miaka 91, na watoto wake hawakugawana kinu.

Biblia yetu ina habari ya ndugu wawili na sahani ya dengu nyekundu. Nimeihubiri mara nyingi, na kila mara nilimlaumu Esau kwa tumbo lake. Baada ya chupa ya Uchina nilianza kumtazama Yakobo pia, yule aliyeona njaa ya ndugu yake akaifanya soko.

NILIBEBA SUFURIA

Mwaka 2022 nilichukua ile sufuria. Nilikuwa nimeitunza miaka kumi na moja bila kuipikia kitu. Niliifunga nyuma ya taksi-moto, nikaenda Rubaya. Yaya yangu alikuwa huko. Wachimbaji wa mikono walikuwa wametoka Bisie, na kampuni ilianza kutoa bati kwa mashine mwaka 2019. Yeye alifuata koltani. Mnajua Rubaya: vilima vimechimbwa mpaka vinafanana na masega ya nyuki. Inakadiriwa kwamba karibu 15 kwa mia ya koltani ya dunia inatoka pale, na wale wanaoitoa wanalala chini ya bashi.

Nilimkuta anakohoa, amekonda, mikono imejaa udongo mweupe. Aliitazama sufuria. Nikasema: "Yaya, mimi njo nilikosa. Nilikuleteya sufuria yako." Alikaa kimya muda mrefu. Akasema: "Kinu niliuzishaka." Nikamjibu: "Najua." Tukalia wote wawili, watu wazima, mbele ya vijana wa karieri. Mafuta hulia kabla ya kuiva.

Tulikwenda pamoja kwa dada yetu, Masisi-centre. Tulimkuta jikoni na binti zake wawili. Juu ya dirisha palikuwa na vichupa vitatu vyekundu. Alikuwa anapika miaka ile yote, kwa nyumba yake tu, na kuwafundisha binti zake kusikiliza. Tulimwonjesha chupa ya Nyirangarama. Alitia tone moja kwenye kidole, akafikiri, akasema: "Iko mukali sana. Iko safi. Lakini harufu ya mawese haiko." Kisha akatutazama: "Mulichelewa, ba Yaya. Miaka kumi na moja."

Tulianza kwa kaye ya shule, kurasa mbili. Kanuni zilikuwa nne tu. Dada ndiye mkubwa wa jiko, na neno lake juu ya mafuta ni la mwisho. Yaya analeta pilipili na mawese kutoka Walikale, anapata sehemu yake kila mwezi, wala si akiomba. Mimi naandika hesabu, na kila mtu ana haki ya kuisoma. Na kila miezi mitatu tunaketi wote, pamoja na wake, mume na watoto wakubwa, mwenye uchungu auseme pale, asiupeleke sokoni. Tulitia sahihi, yaya akatia kidole. Mumeo dada alicheka akasema tumekuwa Wachina.

Hatukutajirika. Ninasema wazi ili kijana asidanganyike. Mtu wa koltani akibahatika anaweza kupata katika siku moja kile ambacho chupa zetu zilitupa katika miezi. Lakini zilitupa kila mwezi.

Halafu, mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilifika Masisi-centre. Watu walikimbia kama mjuavyo, usiku, na mtoto mgongoni. Dada yetu aliacha kitanda, aliacha mbuzi, aliacha mahindi shambani. Alitia kaye ndani ya nguo, akaweka sufuria kichwani, binti zake wakabeba vichupa. Yaya alikuwa pale siku ile. Baadaye aliniambia kwamba njiani alikutana na wenzake wa zamani wa Rubaya, mikono mitupu. Mmoja alimwambia: "Shimo yangu ilikuwa imefika ku mushipa." Alikuwa amefikia mshipa wa koltani, baada ya miezi minane. Nani awezaye kubeba shimo kichwani?

Majuma mawili baadaye, mahali tulipokimbilia, dada aliazima chumvi kwa jirani, akaweka mawe matatu chini ya bashi. Watu waliokuwa wanakula maharagwe ya msaada bila ladha walisikia harufu, wakaja wenyewe. Duka liliungua, mchuzi haukuungua.

NENO KWA JAMAA

Sisemi vijana waache karieri kesho. Sadaka zenu zimeezeka makanisa yetu kwa mabati, na dunia nzima inapigia simu jasho lenu. Nasema hivi: feza ya shimo ikipatikana, inunue kitu kinachoweza kubebwa kichwani. Masisi tunajua kutengeneza fromaji, Walikale tunajua mawese na pilipili, kuna washonaji, wafua vyuma, wafuga nyuki. Ng'ombe za Masisi zilichinjwa kwa maelfu katika vita vya miaka ya 1990, lakini fromaji ilirudi, kwa sababu walibaki watu wanaojua kuikamua.

Na ninyi wazazi, msingoje mpaka siku tisa za mwisho. Ketini mkiwa wazima. Ulizeni nani katika nyumba anajua kazi yenyewe, hata kama ni msichana anayemenya mihogo karibu na mlango. Andikeni kurasa mbili.

Juma lililopita nilimtembelea dada yetu. Binti yake mkubwa alikuwa jikoni peke yake, ameinamisha sikio juu ya sufuria. Nilitaka kumsalimu. Akaniinulia mkono bila kunitazama: "Pole pole, mujomba. Ingali inalia."

Nikakaa chini, nikangoja.